Nyuzi za Miaka Kumi na Moja

Nimevunja pua tatu katika maisha yangu, na zote tatu kwa sababu ya gitaa moja la besi. Ya kwanza ilikuwa ya mpiga kinanda aliyesema gitaa langu lingefaa kuwa kuni. Ya pili ilikuwa ya mlevi aliyeweka chupa juu ya spika yangu, nikamwambia aitoe, akacheka. Ya tatu ilikuwa ya mdogo wangu, tumbo moja, baba mmoja, na kwake sikuishia puani.

Mimi ni muuza nyama. Bucha yangu ni chumba kimoja cha vigae vyeupe, gogo katikati, ndoano saba juu ya bomba la chuma, na nyuma kabisa kuna chumba cha baridi chenye mlango mzito wa chuma. Kutwa nzima napasua mifupa. Mwisho wa wiki napiga besi kwenye bendi ya watu sita, kwa mikono hiyo hiyo. Wapo wanaosema mtu wa shoka hawezi kuwa na kidole chepesi. Huwa nawaambia waje mbele yangu waseme.

Vyombo vyangu vilikuwa vitatu, wala sikuwahi kutamani cha nne. Gitaa lenye ufa shingoni, niliouziba mwenyewe kwa gundi ya seremala. Amplifaya ambayo lazima uizabe kofi upande wa kushoto ndipo iamke. Na waya mmoja. Wenzangu kila mwezi walikuwa na kitu kipya, leo spika, kesho visanduku vya kukanyaga kwa mguu, na wakija mazoezini wanakula nusu saa wakiunganisha tu. Mimi nachomeka, nazaba kofi, naanza. Na nilikuwa nikiwahubiria bila kuulizwa: "Jamani, ridhikeni na mlivyonavyo. Chombo hakijipigi." Nilipenda sana kuyasema hayo. Nilitembea na kuridhika kwangu kifua mbele, kama mwenye cheo.

Jambo lililonitia kiburi kuliko yote ni nyuzi. Nieleze kidogo, maana ndipo damu ilipoanzia. Mpiga solo hubadilisha nyuzi kila zinapochoka, kwa sababu solo inataka kulia kwa ukali. Sisi wa besi, hasa wa zamani, hatubadilishi. Uzi wa besi ukishakunywa jasho la miaka unaacha makelele yake ya dukani, unabaki na sauti nene, fupi, inayokaa tumboni. Uzi mpya unalia kama kijiko kilichoanguka sakafuni. Zangu zilikuwa na miaka kumi na moja. Zilikuwa nyeusi, zimeota kutu karibu na funguo za kuzikazia, na sikuruhusu mtu aziguse hata kwa kitambaa.

Mdogo wangu alikuwa mpiga solo wetu. Kazi yake ya mchana ni fundi simu, mtu wa bisibisi ndogo kama sindano, mwenye vidole vyembamba alivyorithi kwa mama. Bendi nzima tulimwita Katalogi, kwa kuwa hakuna gitaa duniani asilolijua jina, umbo na aina ya mbao. Nilimcheka kwa hilo tangu akiwa na miaka kumi na tano. Naye alikuwa akicheka tu, hajawahi kunijibu vibaya hata siku moja.

Mwaka huo bendi ilipata siku ya kurekodi, Jumamosi, mara ya kwanza baada ya miaka yote hiyo. Mwimbaji wetu, ambaye ndiye mwenyekiti wa bendi, alinunua viatu vipya kwa ajili ya studio, ambako hakuna atakayeviona. Jumatano baada ya mazoezi mdogo wangu aliniambia, "Kaka, niachie gitaa leo. Nitalifuta vumbi, nikuletee kesho." Nikamwachia. Ni ndugu yangu, ningemshuku nini?

Alhamisi saa nne asubuhi nilikuwa nakata paja la ng'ombe. Akaingia na gitaa mgongoni, anatabasamu mpaka masikioni.

"Fumba macho, kaka."

"Nina shoka mkononi, nifumbe macho?"

"Basi usifumbe. Tazama."

Akafungua zipu. Gitaa langu linang'aa. Na juu yake nyuzi nne mpya, nyeupe, safi, kama meno ya mtoto. Akakwaruza uzi wa chini kwa kidole gumba. Hata bila amplifaya nilikisikia kijiko kile.

"Nyuzi zangu ziko wapi?"

"Hizi hapa! Za daraja la kwanza hizi, nimezifuata mwenyewe mjini. Nimesema kaka yangu asiende studio na zile waya za kufungia mbuzi."

"Nimekuuliza zangu ziko wapi."

"Za zamani? Nimetupa. Nilizikatakata kwanza kwa koleo, vipande vidogo vidogo, zisije zikamchoma mzoa taka."

Alilisema hilo kwa fahari ya mtu mwenye utu. Na kweli ana utu. Kwa mpiga solo, kumbadilishia mwenzako nyuzi kabla ya siku kubwa ni heshima kubwa. Hakukosea kwa ubaya, alinifanyia ambalo angependa kufanyiwa.

Nililaza shoka juu ya gogo. Naomba lijulikane hilo, shoka nililiweka chini. Kisha nikampiga ngumi ya pua.

Nilisikia mfupa ukivunjika, sauti ninayoijua kwa kazi yangu. Akaenda kinyumenyume, akagonga nusu ng'ombe iliyoning'inia, ikamrudisha kwangu, nikampa ya pili shavuni. Mama mmoja aliyekuwa akisubiri nyama akapiga ukelele akatoka na kikapu kitupu. Nilimshika mdogo wangu kola, nikamgonga mgongo kwenye vigae, mara moja, mara mbili, nikimwambia, "Miaka kumi na moja! Unajua miaka kumi na moja wewe?" Damu yake ilinirukia kwenye aproni, na aproni yangu ilikuwa na damu tayari, sikuona tofauti.

Nilidhani atalia kama alivyokuwa akilia utotoni. Badala yake alinyoosha mkono kwenye mizani, akashika jiwe la kilo, akanitwanga nalo mdomoni. Jino likatoka. Tukaanguka wote wawili sakafuni, kwenye mafuta na maji. Nilimkaba, akanipiga goti tumboni, nikamuuma sikio, naona aibu kuliandika hili. Tulipigana kama watu wasiojuana. Akajinasua, akasimama huku anateleza, uso mwekundu wote, akapiga kelele:

"Wewe hujawahi kuridhika hata siku moja! Unaogopa tu! Ukishika gitaa zima, watu watasikia mkono wako ulivyo mzito, na hutakuwa na kutu ya kusingizia!"

Hakuna neno lililowahi kunichoma vile. Liliniingia kwa sababu nilikuwa nimeshajiambia mwenyewe, siku nyingi, kimyakimya.

Nilimwendea. Aliona uso wangu akageuka kukimbia, lakini mlango wa nje ulikuwa nyuma yangu, hivyo akaingia chumba cha baridi. Sakafu pale huteleza kwa mafuta. Akajishikilia fremu ya mlango kwa mkono wa kushoto, asianguke. Mlango ulikuwa wazi kati yetu.

Niliuona mkono. Vidole vinne juu ya ukingo wa fremu, na kucha zake safi za fundi simu. Sikumtazama usoni, nilitazama mkono. Mlango ule niliwahi kuuona ukivunja ubavu wa mbuzi ulionaswa kwa bahati mbaya. Nikaujua uzito wake, nikaujua mkono ule ni wa nani na unafanya kazi gani, kisha nikausukuma mlango kwa bega langu lote.

Hakupiga kelele mara moja. Mlango ulikataa kufunga, ukarudi kidogo, na hapo ndipo aliponiita. Hakutukana. Aliita, "Kaka! Kaka!" kama mtu anayeomba nije nimsaidie.

Nilimbeba mwenyewe hadi hospitali, mkono wake nimeuviringisha kwenye gazeti la kufungia nyama, kwa kuwa hakukuwa na kitu kingine. Daktari alijitahidi. Kidole cha kati na cha pete walivikata siku ile ile. Cha shahada kilibaki lakini hakikunji. Kidole kidogo kilipona. Kwa gitaa la solo, mkono wa kushoto ndio unaosema maneno yote, na kwa simu ndio unaoshikilia wakati wa kulia unafanya kazi. Alipoteza vyote viwili asubuhi moja.

Mama alifika kabla ya adhuhuri. Mdogo wangu, pua imefungwa bandeji, alimwambia, "Tulikuwa tunagombana, mama, mambo ya muziki. Nikateleza, mlango ukajifunga." Mama akanigeukia, akaniona sina jino, nimelowa damu. Akanikumbatia. "Pole, mwanangu. Mlango hauna macho." Nilikaa kimya kwa siku ishirini na tatu.

Jumamosi tulirekodi. Mwenyekiti alimkodi mpiga solo mwingine, akasema siku ya studio ikipotea hairudi. Nilienda na gitaa langu linalong'aa na nyuzi zake mpya, mdomo umevimba, nikapiga nyimbo tano. Nilitegemea kila mtu ashtuke. Nilitaka washtuke. Nilitaka mwenyekiti asimamishe kazi aseme besi imeharibika, ili angalau kile nilichokifanya kiwe na sababu. Tulipomaliza alinipiga begani. "Besi yako, mzee, kama siku zote. Haibadiliki."

Nikamwambia fundi mitambo wa studio nina shida. Kwenye mashine yake kulikuwa na mazoezi ya mwezi uliopita, ya nyuzi za zamani, tuliyorekodi hapo hapo kwake tulipokuja kupima vyombo. Nikamwomba anipigie wimbo mmoja, mara moja wa zamani na mara moja wa leo, besi peke yake, bila kuniambia ni upi. Nikageukia ukuta, nikafumba macho. Akapiga wa kwanza. Akapiga wa pili.

"Huu wa pili," nikasema. "Huu wa pili ndio wa nyuzi za zamani. Sikia unavyokaa tumboni."

"Hapana," akasema. "Huo ni wa leo."

Nikamwambia arudie. Akabadilisha mpangilio, nikakosea tena. Akacheka, akidhani ni mchezo. Nilitamani kumpiga, nikawa na pua ya nne mbele ya macho yangu, tayari nimekunja ngumi. Halafu nikaona ngumi yenyewe. Nikaikunjua, nikatoka nje.

Mtu aliyeridhika unamkosesha nini ukimchukulia uzi wake? Anafunga mwingine, anaendelea. Mimi sikuwa nimeridhika. Nilikuwa bahili wa sifa, nimeficha sifa zangu zote kwenye waya nne zenye kutu, na aliyezigusa nikamkata.

Nilijikaza siku nyingine nyingi kabla ya kwenda kwa mama. Nilimkuta mdogo wangu amekaa kwenye mkeka karibu na dirisha, amebana simu mbovu kati ya magoti, anajaribu kuifungua kwa mkono wa kulia pekee. Simu ikaponyoka. Akaiokota, akaibana tena. Mama alikuwa akikunja nguo. Akaniambia nikae, nikasema sikai.

"Mama, mlango haukujifunga. Niliufunga mimi."

"Tunajua ulikuwa ugomvi, mwanangu, kila mtu alikuwa anasukuma—"

"Niliuona mkono, mama. Niliutazama kwanza. Halafu nikasukuma."

Mama aliiweka chini nguo aliyoishika. Alinijia, mwanamke wa miaka sabini, akanizaba kofi, akanizaba la pili, akashika kandambili yake akanipiga nayo usoni, kichwani, shingoni, popote, huku analia kwa sauti na kuniita kwa jina la marehemu baba, ambaye naye alikuwa mtu wa kupiga. Sikuinua mkono. Mdomo uliokuwa umeanza kupona ulipasuka upya. Aliponipiga mpaka pumzi ikamwishia, mdogo wangu alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye simu, "Mama, mwache. Mimi nilijua."

"Ulijua nini?" nikamuuliza.

"Nilikuona unautazama mkono." Akageuza simu kati ya magoti, akatafuta upande wa skrubu. "Nafasi ya kuutoa nilikuwa nayo, kaka. Sikuutoa kwa sababu ni wewe."