Kilomita Ishirini na Tatu za Sitwayeni Kabwe

Jumanne moja ya Februari 1976, saa tatu asubuhi, Félicien, fundi wa pikipiki karibu na stesheni ya Kalemie, alifungua kipimamwendo cha pikipiki ya zamani ya Sitwayeni Kabwe, yaani “raia” Kabwe kama serikali ilivyotaka watu waitane, mkubwa wa biro, ofisi ya usalama ambayo watu hawakupenda kuitaja. Mshale ulikuwa umeganda kwenye arobaini tangu mwaka juzi. Alipaka mafuta ya taa kwa unyoya wa kuku, kama kawaida yake, akarudisha kioo.

Mshale ukashuka hadi sifuri. Kisha, injini ikiwa imezimwa na magurudumu yakiwa hewani juu ya gogo, ukapanda tena. Usukani ukajipinda upande wa barabara ya Nyunzu. Tarakimu zikahesabu kilomita ishirini na tatu, zikasimama. Ndani ya kioo mtu akakohoa mara mbili.

"Huyu ni Édouard wa posta," alisema Félicien. Akafuta mikono, akaenda kumwita Mado, mke wa Édouard.

Mado alikuwa kwenye matanga tangu mume wake alipopakiwa kwenye pikipiki hiyo. Bila kaburi, wakwe hawakuweza kumtoa matanga, basi miaka miwili alilala chini, hakunyoa, hakwenda sokoni. Alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa. Aliinama akasikiliza, pikipiki ikarudia safari yake yote.

"Njo yeye, ni yeye kabisa," alisema. "Hata kanisani alikuwa anakohoa hivi." Akalia kwa sauti, bila kujificha.

Saa sita Kabwe alikuja.

"Papa Félicien, imepona?"

"Imepona, Sitwayeni. Inahesabu."

Kabwe aliitazama mpaka ikamaliza. "Ishirini na tatu," alisema. "Njo sawasawa."

"Papa, unipe ruhusa nichimbe pale kwenye kilomita hiyo," Mado alimwambia Kabwe. "Nimuzike tu. Sitaki kitu kingine."

"Mama, ruhusa inaomba karatasi ya kifo. Na karatasi ya kifo inaomba maiti." Alisema kwa upole, kama mtu anayesikitikia sheria za watu wengine, kisha akawasha pikipiki akaondoka. Félicien alikasirika sana, akaendelea na kazi.

Matanga yakahamia mbele ya biro, pikipiki inapoegeshwa. Wapita njia huvua kofia, humsubiri Édouard akohoe, ndipo huvuka barabara. Mado hukaa chini karibu na gurudumu la mbele. Wiki iliyopita jua lilikuwa kali. Kabwe alitoka ofisini, akaisukuma pikipiki hadi kivulini ili mama asiungue, akarudi ndani.