Picha Moja, Vioo Viwili

Sista alikuwa muuguzi, mwaka wa kumi na tisa kazini, na jina la wodini lilimfuata mpaka nyumbani. Hata mama yake mzazi alimwita hivyohivyo. Ameshawaambia watu wangapi kwamba mgonjwa wao hayupo tena? Hana hesabu. Anajua pa kuwaketisha, anajua sauti ya kutumia, anajua kunyamaza mpaka waulize wenyewe. Lakini kaka yake wa pekee, yule waliyemwita Mkubwa, alipoteleza kwenye jukwaa la mafundi rangi akaanguka kutoka ghorofa ya nne, Sista huyohuyo alishindwa kumwambia mama yake. Siku ya kwanza alisema kesho. Kesho ilipofika akasema keshokutwa. Wiki tatu zikakatika hivyo, Mkubwa kazikwa, na Mama yuko chumbani kwake anaamini mwanawe ametumwa kazi ya mbali, huko ambako simu haishiki.

Tusimwonee. Siku ya msiba Mama alikuwa na siku tisa tu tangu apasuliwe moyo, na daktari alikuwa amesema asipate mshtuko kwa siku hizi za mwanzo. Sista alilishika neno la mshtuko. Lile la siku za mwanzo alilisahau hospitalini, sijui kwa makusudi au kwa woga. Akawakusanya ndugu uani, akawaambia mwenye kidomodomo ajizuie, na kila jioni akawa anampelekea Mama salamu za Mkubwa alizozitunga mwenyewe jikoni akiosha vyombo.

Basi ndugu waliokosa mazishi wakataka nao wakutane, wamkumbuke mtoto wao. Sista akapendekeza ukumbi wa kukodi. Wakubwa wa ukoo wakakataa katakata: nyumba ya marehemu ipo, ukumbi wa nini? Akakubali kwa shingo upande. Mama akaambiwa ndugu wanakuja kumwombea apone haraka, naye akafurahi, akaagiza atolewe shuka jipya.

Asubuhi Fundi akaja na vyombo vyake. Alikuwa mtu mpole, mwenye kuzungusha waya kwenye kiwiko huku akiongea, na alishaelezwa kila kitu. Wafanyakazi wenzake Mkubwa walikuwa wametengeneza filamu: picha zake za kazini, na mwisho mazishi yenyewe. Ingeonyeshwa kwa projekta, sebuleni, mapazia yakiwa yamefungwa. Kosa lilikuwa kupita na kitambaa cheupe cha kuonyeshea picha mbele ya mlango wa Mama ukiwa wazi.

"Kuna picha?" Mama akauliza.

"Kidogo tu, Mama. Za ukoo, za zamani."

"Niwekeeni na mimi kwenye televisheni yangu. Au mimi si mtu wa nyumba hii?"

Sista akatoka kwenye korido. Ukimnyima, atanyanyuka aje kujionea mwenyewe, maana huyo mama ukimkataza kitu ndipo anapokikumbuka mchana kutwa. Akamvuta Fundi pembeni.

"Nina kompyuta moja tu, dada yangu," Fundi akasema. "Televisheni na projekta zote zitakula hapohapo. Na kwa kawaida zinaonyesha kitu kimoja."

"Na isipokuwa kawaida?"

"Naweza kuipanga ione kwamba ni vioo viwili mbalimbali. Chumbani iende video nyingine, sebuleni iende hii yetu. Inawezekana, nimeshafanya. Ila ikishapangwa isiguswe."

"Nani aiguse?" Sista akasema, akashusha pumzi.

Wakachagua video ya harusi yake yeye Sista, yenye saa tatu nzima. Fundi akalaza waya mrefu kwenye ukuta wa korido, akaubana kwa gundi ya karatasi, akaupitisha chini ya mlango wa Mama. Sauti ya televisheni hawakuiunganisha. Mama mwenyewe alisema kichwa chake hakitaki kelele.

Saa nane watu walikuwa wamejaa sebuleni, wengine mikekani, wengine kwenye mikono ya makochi. Sista akawatolea sharti mlangoni kabisa, mmoja mmoja: hakuna kulia kwa sauti. Wakaitikia. Kabla filamu haijaanza alikwenda kumchungulia Mama, akamkuta ameegemea mito mitatu anacheka peke yake.

"Njoo umwone kaka yako anavyocheza," Mama akasema. "Mwone! Utadhani anafukuza kuku."

Kwenye televisheni Mkubwa alikuwa amefungua vifungo vya shati, anarusha miguu katikati ya wanawake. Sista akacheka naye. Akacheka sana, mpaka akaona bora atoke.

Sebuleni filamu ikaanza. Mkubwa juu ya ngazi. Mkubwa na ndoo ya rangi kichwani, anawachekesha wenzake. Shangazi mmoja akajiziba mdomo kwa upande wa kanga, na mabega yake yakawa yanatikisika bila mlio wowote. Sista alisimama karibu na mlango wa korido, sikio moja huku, sikio moja kule. Fundi akamnong'oneza kwamba soketi inapata moto, anakwenda kuchukua nyingine kwenye gari. Akatoka.

Hajafika hata getini, projekta ikakata. Kitambaa kikabaki cha buluu.

Sasa hapo alikuwepo Mjomba, kaka yake Mama. Mjomba maisha yake yote alikuwa dereva wa lori, ila aliwahi kufungua redio moja ikaimba, na tangu siku hiyo akajiita Injinia na wengine wakamfuata. Watu wakaanza kugeuziana macho. Mjomba akanyanyuka.

"Subiri Fundi arudi, Mjomba," Sista akasema.

"Fundi wa nini? Hii ni waya imelegea tu."

Akausukuma waya kwa kidole gumba. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Kompyuta ikamletea orodha ya maneno. Miwani yake ilikuwa nyumbani, kwa hiyo akabonyeza la juu. Picha ikarudi. Watu wakamshukuru kwa sauti ya chini, naye akarudi kwenye kiti chake kifua mbele. Sista pia alimshukuru, tena kwa moyo, maana alikuwa anaogopa watu wasije wakaanza kuongea.

Filamu ikaendelea. Likaja gari lenye maua. Likaja jeneza mabegani mwa wafanyakazi wenzake, wamevaa makoti yao ya kazi yenye madoa ya rangi. Ikaja safu ya mbele ya wafiwa, na Sista akajiona ameketi kwenye kiti cha mwanzo kabisa. Akaangalia pembeni. Hakutaka kuiona ile sura yake.

Fundi akaingia na soketi mkononi. Akatazama kitambaa, akatazama kompyuta, akasimama.

"Nani ameigusa?"

"Mimi," Mjomba akasema. "Ilikata, nimekurekebishia. Usijali."

"Umebonyeza lipi?"

"La juu. Ndilo lililokubali."

Fundi akamgeukia Sista, uso umemshuka. "La juu ni picha moja kwa vioo vyote," akasema.

Sista hakumbuki alivyoruka watu waliokaa chini. Korido ile ya hatua kumi aliiona ndefu, na kichwani alikuwa akihesabu dakika: gari, jeneza, safu ya wafiwa. Dakika sita. Labda saba. Akaomba Mama awe amesinzia. Aliomba hivyo kweli, kama mtoto.

Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu sakafuni, kitu alichokatazwa kukifanya bila msaada. Halii. Kwenye televisheni watu walikuwa wanatupa udongo kaburini, na Sista alikuwa wa kwanza kutupa. Halafu kioo kikawa cheusi. Fundi huko alikuwa ameng'oa waya.

"Mwambie airudishe," Mama akasema.

"Mama..."

"Airudishe. Sijamaliza kumzika."

Sista akapiga magoti, akamshika mkono kupima mapigo, mazoea ya miaka kumi na tisa. Mama akauchomoa mkono wake polepole.

"Daktari alikataza, Mama. Moyo wako ulikuwa..."

"Sijakuuliza daktari. Mlimzika lini?"

"Jumanne. Jumanne ya wiki tatu zilizopita."

Mama akafikiri. Alikuwa anaitafuta ile siku, na Sista alimwona anavyoitafuta, na alimwona alipoipata.

"Jumanne hiyo ulikuja na supu," Mama akasema. "Nikakuuliza mbona umechoka hivyo, ukasema zamu ya wodini. Ukalala hapo miguuni pangu na viatu vyako. Nikakuvua."

"Mama, nisamehe."

"Vilikuwa vimejaa udongo mwekundu. Nikasema mtoto huyu atanichafulia shuka. Nikavipangusa kwa kitambaa changu, kiatu kimoja kimoja, sikutaka kukuamsha. Nikajikongoja mpaka dirishani." Akaonyesha dirisha kwa kidevu. "Nikaukung'uta ule udongo nje, huku nasema uchafu huu umetoka wapi."

 Mlangoni Mjomba alikuwa amefika, na nyuma yake ndugu wengine, na sasa walikuwa wanalia kwa sauti bila kumwogopa mtu.

Sista akasimama, akanyoosha mikono yote miwili amnyanyue mama yake. Mama akaitazama ile mikono.

"Wewe hapana," akasema. "Mwite kaka yangu anishike. Nataka kwenda kukaa na waliomlia mwanangu."