Robine Chini ya Kiti

Pikapu yangu ina karibu miaka arobaini, na mimi nimekaa nayo kumi na mitatu. Niliinunua Lilongwe, Area 23, imelala nyuma ya gereji, kuku wanataga ndani ya kabini. Wakati ule niliambiwa kwamba kwa karatasi yangu ya mkimbizi sitaweza kuiandikisha. Rafiki yangu Sosten Chimphepo, Mmalawi, mwashi wa Area 36, akasema, "Iandike kwangu, Nduwayo. Jina langu linakaa bure." Basi pesa zikawa zangu, jina likawa lake. Hatukuandikiana hata kijikaratasi.

Mimi nimehama sana. Rumonge, Uvira, Kigoma, Mpulungu, halafu hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi. Kila mahali niliacha kitu: nyumba, mbuzi, baiskeli nzuri. Pikapu njo kitu cha kwanza nilichokaa nacho mpaka nikapata muda wa kukibadilisha. Batu wananicheka, wanasema kwa jasho hilo si ungetafuta gari jipya? Gari jipya linakuja na mawazo ya mtu mwingine. Hili kuukuu linakusikiliza. Kuta za nyuma nilizitengeneza kwa vitanda vya chuma vilivyotupwa. Springi niliongeza majani matatu ya chuma kutoka lori lililokufa, sasa linabeba mahindi bila kuinama. Benchi la kukalia wanakwaya ninaowabeba linakunjwa kwa bawaba za mlango. Pembeni mwa mlango nilifunga mkono wa chuma wa kushikia mtu akipanda, kwa sababu goti la mke wangu Thacienne linamsumbua. Na mwaka ule mafuta yalipopotea nchi nzima, nililala kwenye foleni siku mbili, nikarudi nikafunga tangi la pili. Chini ya kiti cha dereva niliweka robine, koki ya mafuta: ukiigeuza, moteri inaacha kunywa tangi moja, inakunywa lingine. Mshale wa mafuta ulishakufa zamani. Mimi ninapima kwa kijiti.

Mwezi wa nne Sosten akafa. Wiki tatu baada ya mazishi akaja mdogo wake, Binwell, pamoja na mama yao mzee, ambaye wote tunamwita Agogo, yaani Bibi. Agogo alilia kwenye bega la Thacienne, tukampa chai. Kisha Binwell akatoa karatasi ya gari ndani ya plastiki. Tuliongea Chichewa, na Chichewa changu ni cha sokoni, lakini nilimwelewa vizuri.

"Bambo, tumekuja kuchukua gari la marehemu."

"Gari ni langu, Binwell. Kaka yako alinipa jina tu."

"Karatasi inayosema hivyo iko wapi?"

Sikuwa nayo.

"Sikuiti mwizi," akasema. "Lakini wajomba wananingoja Area 36. Nikirudi mikono mitupu watasema mkimbizi amenishinda maneno."

Nikampa ufunguo. Mtu aliyefukuzwa mahali pengi anajua kutoa ufunguo bila kelele. Hata nilimwelekeza: klachi ikanyage mpaka chini, gia ya pili ina ukaidi, ibembeleze. Agogo akapandishwa mbele. Nilijua tangi walilokuwa wanaondoka nalo lina lita tatu hivi, na lile lingine limejaa. Binwell hakuuliza, na mimi nikafunga mdomo. Nilishapiga hesabu yangu: gari litazimika karibu na Lumbadzi, katikati ya njia ya Lilongwe, Binwell atatoka jasho, atanipigia simu, na mimi nitamwambia, unaona sasa gari ni la nani?

Nikakaa mlangoni, simu juu ya goti. Saa nzima ikapita. Thacienne akatoka na sufuria mkononi.

"We, unangojea nini hapo kama kuku anayetaka kutaga?"

Nikamwambia habari ya robine. Nilifikiri atacheka.

"Na Agogo?" akauliza.

"Agogo nini?"

"Agogo iko ndani ya gari! Jua hili! Bibi wa watu amezika mtoto juzi, we unamtupa barabarani kwa sababu ya chuma?"

"Chuma changu, Thacienne."

"Basi lala nacho leo. Mi sitalala na mtu wa namna hiyo."

Nikachukua kabaza, pikipiki ya abiria, hadi barabara kubwa, kisha minibasi. Njia nzima nilikuwa najitetea kichwani, na kila nikijitetea nilimwona Agogo akishika ule mkono wa chuma kwa vidole vyake vyembamba.

Niliwakuta kabla kidogo ya Lumbadzi. Agogo amekaa chini, kwenye kivuli cha gari, kitenge kichwani. Kapo ya moteri imefunguliwa. Fundi mmoja wa barabarani ameinama na spana ya bomba, ameishika pampu ya dizeli, tayari kuifungua. Pampu ya moteri ile ikiingia vumbi, basi tena. Nyingine sijaiona nchi hii.

"Acha!" nikapiga kelele. "Baba, acha hiyo!"

Fundi akainuka. "We ni nani?"

Binwell akanitazama. "Ni mwenye..." akakatiza. "Ni Mrundi wa Dzaleka."

Kama ningetaka, pale ndipo pa kusema maneno yangu yote. Nilikuwa nimeyapanga tangu Dzaleka. Lakini Agogo alikuwa ananyoosha miguu yake, imevimba. Nikaingiza mkono chini ya kiti, nikageuza robine. Nikalegeza nati ndogo juu ya filta ili hewa itoke, nikapampu kwa gumba. Likatoka povu, povu, povu, kisha dizeli safi. Nikakaza. Nikawasha. Mara ya tatu ikashika, ikakohoa moshi, ikatulia.

Fundi akapiga mluzi. "Hii gari iko na matumbo mawili!"

"Ulijua," Binwell akaniambia taratibu.

"Nilijua. Nilikaa kimya kusudi. Nakuomba msamaha. Kwa mama yako ndiyo zaidi."

Nilifikiri atanipiga. Alizunguka gari mara moja, akapiga tairi teke, akarudi.

"Endesha," akasema. "Mimi hii gia ya pili imenitukana njia nzima."

Nikaendesha. Tukapita Lumbadzi. Kisha Binwell akagusa hiki, akagusa kile. Hii swichi? Taa ya nyuma, ya kupakulia mizigo. Na kamba hii? Ya kufungua mlango wako, kitasa kilikatika. Agogo akasema Sosten alikuwa akirudi kutoka Dzaleka anacheka, anasema Nduwayo ameongeza tena kitu, siku moja ataweka jiko.

Area 36 wajomba watatu walikuwa kibarazani. Mkubwa wao akapokea ile karatasi, akaisoma kwa sauti, jina la Sosten akalisoma mara mbili. Nilikuwa nimekwisha kumtafuta kwa macho mtu wa kunionyesha minibasi ya kurudi.

"Mjomba," Binwell akasema, "huyu mzee amenidanganya leo. Alinificha robine, mama akaungua jua."

Wakanigeukia wote. Sikuinua kichwa.

"Lakini mimi nimekaa ndani ya gari hili. Hakuna kitu hata kimoja nilichokijua. Na Sosten hakuwahi kuniambia, kwa sababu na yeye hakujua kukitumia. Kaka yangu alikuwa anaendeshwa ndani ya gari hili, kama mgeni. Kusema ni lake, hapo mimi naona aibu."

"Karatasi ni karatasi," mjomba akasema.

"Karatasi iandikwe kwangu," Agogo akasema kutoka mlangoni. "Gari libaki kwake. Kaburi la mwanangu linataka mchanga, matofali na saruji. Atabeba yeye mpaka liishe. Na akinificha kitu tena, nitakuja kulichukua mwenyewe."

Walibishana muda mrefu, wakanywa soda, wakabishana tena. Mwishoni mjomba mkubwa akamrudishia Binwell karatasi, ikaandikwe kwa Agogo, na Binwell akanirudishia ufunguo. Jina bado si langu. Nilisema zikomo, asante, nikasema tena.

Nilipokuwa nageuza gari, Agogo akaniita.

"Iwe, Mrundi. Pa kupandia ni juu mno. Wananibeba kama gunia."

Nikashuka. Nikaokota bua la mahindi, nikapiga magoti mbele yake, nikapima kutoka ardhini mpaka pale mguu wake unapoweza kufika bila kuuma, nikalivunja hapo.