Brandi ya Mwisho ya Lucien

Kijiko kiligonga ukingo wa sufuria, polepole, kama kimeshikwa na mtu anayeogopa kumwamsha mwenye nyumba. Nje kulikuwa bado giza. Moyo wangu ukanidanganya kwamba mwanangu Lucien yuko jikoni. Kisha nikakumbuka, kama ninavyokumbuka kila alfajiri, kwamba tulishamzika.

Alikuwa Solange, mjane wake. Walifika jana jioni, yeye na mjukuu wangu Odile, ambaye bado alikuwa amelala ghorofani.

"Nimekuamsha, Mama?"

"Wazee hatulali, mwanangu. Tunapumzisha macho tu."

Alicheka kidogo. Moto wa kuni alikuwa ameshaukoleza, na theluji ya kwenye ngazi ameshaiondoa. Vikombe viwili alikuwa amevijaza maji ya moto vipate joto kwanza, maana anajua vidole vyangu huuma asubuhi. Mema yake mengi huyatenda hivyo, kimya.

Hapa Vermont, kaskazini mwa Marekani, katika ukoo wetu, hatukati tawi la kwanza la mtufaha msimu wa kupogoa kabla ya kunywa kinywaji hiki: wiski, brandi ya matufaha, maji ya moto, sharubati tamu ya utomvu wa mti wa mepo, na karafuu. Brandi aliitengeneza Lucien mwenyewe. Aliacha ndoo ya maji ya matufaha yaliyochachuka barazani, kwenye baridi kali, na kila asubuhi akaondoa barafu. Kile kilichokataa kuganda ndicho kilichoingia chupani. Chupa moja tu ilikuwa imebaki, nayo haikufika nusu.

Nilionja. Wiski ilinikaba koo. Tufaha nililitafuta, sikuliona.

"Solange, unanilewesha ili niuze shamba?"

"Imekuwa kali?"

"Wiski imejaa. Brandi umeibania."

Aliinamisha macho. "Nimetia matone tu. Nilitaka ikubakie wewe, Mama. Mwakani sitakuwepo."

Niliweka kikombe mezani.

"Naolewa," alisema. "Anaitwa Everett. Kazi yake iko Oregon, upande wa pili wa nchi, tutahamia huko mwezi wa tatu. Kwenye simu nilishindwa. Nikasema nikija nitapata maneno mazuri zaidi, na sikuyapata."

Nilihisi Lucien anatolewa nyumbani kwa mara ya pili, na safari hii anaondoka na mtoto mwenye kicheko chake. Neno la kuumiza lilinijia hadi kwenye ulimi. Lakini nikakitazama kikombe cha Solange. Hakikuwa na harufu ya tufaha hata kidogo. Matone machache aliyoyatoa yote alikuwa ameyatia kwenye changu. Yeye alikunywa wiski na maji, alfajiri yote hiyo, ili mimi nisibaki mikono mitupu.

Nikaichukua chupa, nikaimimina yote, nusu kwake, nusu kwangu.

"Mama! Hiyo ndiyo ya mwisho!"

"Hakuitengeneza ikae kabatini. Kunywa, kabla haijapoa."

Tulikunywa. Harufu ya matunda yaliyoanguka kwenye nyasi za vuli ilijaa jikoni. Solange alilia bila sauti, nami nikalia, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi yake.

"Huyo Everett," niliuliza baadaye, "msumeno wa kupogolea anaujua?"

"Anaogopa ngazi, Mama. Hata balbu hawezi kubadilisha."

"Mungu wangu. Umekwenda kumtoa wapi?"

Kicheko kikamponyoka katikati ya machozi, akajifunika mdomo asimwamshe Odile. Dirisha lilikuwa limeanza kuwa jeupe. Nilimfungia skafu shingoni, kama nilivyokuwa nikimfungia tangu alipokuja kwetu akiwa bibi harusi, na mikono yangu ikakawia pale.

"Mwakani mje," nilimwambia. "Na Everett mje naye, atatushikia ngazi. Hata tukiwa hatuna cha kunywa ila chai. Mje, mwanangu."