Mama wa Langoni

Nesi wa wodi ya wazazi alikuwa amefika ukurasa wa mia na kumi, na hasira zimempanda. Kitabu aliazimwa na wifi yake, mwalimu, aliyemwambia, "Soma, ila usije ukanilaumu." Kilihusu nchi ambayo mwanamke hashiki kalamu, wala havuki barabara bila kibali cha mwanamume. Wanaume wa kitabuni hawakumshangaza. Aliyemkera ni mwanamke mmoja aliyekaa langoni, kazi yake kukagua vibali vya wanawake wenzake. "Kibali chako kiko wapi, mama?" Kutwa hivyo hivyo, tena kwa sauti ya upole!

"Shoga, huyu mama wa langoni angekuwa hapa ningemzaba kibao," akamwambia mkunga mwenzake, huku akitafuna karanga. "Na mwandishi naye katia chumvi. Mwanamke gani mwenye akili zake atamfanyia mwenzake hivyo?"

Mkunga akacheka. "Hebu funga hicho kitabu. Kitanda cha nne anakuita."

Kwenye kitanda cha nne alilala fundi cherehani, uchungu umemshika tangu alfajiri na mtoto kakaa vibaya. Daktari alishasema: upasuaji, sasa hivi, maana mapigo ya moyo wa mtoto yanashuka. Chumba tayari, daktari kanawa mikono. Ilibaki fomu tu, na chini ya fomu palikuwa na mstari: sahihi ya mume. Mume alikuwa safarini.

"Tumpigie tena, mama," nesi akasema kwa upole. "Pole sana. Utaratibu ndio huo, si mimi."

Akapiga. Haipatikani. Akapiga mara ya pili, na ya tatu.

"Kaka huna? Hata shemeji?"

"Sista," fundi akasema, meno ameyauma, "huyu mtoto yumo tumboni mwangu au mwa shemeji? Nipe hiyo kalamu. Kuandika najua."

Nesi akautazama mkono wake mwenyewe. Kalamu alikuwa nayo yeye, kaing'ang'ania utadhani anaogopa kuibiwa. Loo! Kweli nyani haoni kundule. Miaka kumi na moja ameishika fomu ile, na wanawake wote aliwaambia pole. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

Akampa kalamu. Fundi akasaini palepale pa mume, herufi zimepinda kwa maumivu, na nesi akakisukuma kitanda mbio mbio.

Mlangoni daktari akaichungulia fomu. "Mume kapatikana?"

"Hajapatikana. Kasaini mwenye tumbo. Tupishe, daktari, tunachelewa."

Daktari akapisha. Saa saba na robo mtoto wa kike akalia, na sauti yake ikafika mpaka mwisho wa ukumbi.

Nesi aliporudi mezani, mkunga alikuwa amekishika kile kitabu, anakifunuafunua. "Enhe, na yule mama wako wa langoni? Bado unataka kumzaba kibao?"

"Nimeshamzaba," nesi akasema, akijipapasa shavu. "Tena kimemwingia."