Mstari wa Babu

Ujumbe wa dada uliingia nikiwa natafuna kifuniko cha kalamu: "Mwanao leo kalala fofofo baada ya dawa. Hata kulia hajalia. Nadhani imemkubali."

Mwanao, maana mimi ni mama mdogo. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, hajafika hata urefu wa kigasha changu, na degedege likamdaka siku za mwanzo tu. Alikuwa wadi ya watoto wachanga, ndani ya kisanduku cha joto karibu na dirisha, katika hospitali inayotumia programu yetu. Muuguzi anaingiza uzito wa mtoto, programu inamwambia avute mililita ngapi za dawa. Nilijidai nayo sana. Nilimwambia dada, "Hata nisipokuwepo, mkono wangu upo hapo."

Nikamjibu kwa alama ya moyo mwekundu, nikarudi kupitia mabadiliko yaliyorushwa hospitalini asubuhi ile na mwenzangu wa meza ya pili. Sisi tunamwita Kasuku, kwa sababu chochote anachoambiwa na msaidizi wetu wa akili mnemba hukirudia kama kilivyo.

"Umebadilisha nini humu?"

"Rangi ya vitufe tu, bibie. Wauguzi walilalamika havionekani. Nikamwagiza msaidizi, kafanya, majaribio yote yamepita. Au ulitaka na maua?"

"Mbona na faili la dawa limeguswa?"

Alicheka. Kisha akaisogeza taarifa ya msaidizi mpaka chini kabisa, mahali ambapo hakuwa amefika asubuhi, na kicheko kikamkauka. Iliandikwa kwa adabu zote: "Pia nimerekebisha ukali wa dawa ya degedege, pamoja na majaribio ya kuuhakiki, kulingana na maelekezo ya mradi."

Maelekezo ya mradi ni faili. Msaidizi hana kumbukumbu; kila ukimwamsha ni mgeni aliyeshuka leo, kwa hiyo kabla hajagusa kitu hulisoma faili hilo: programu hii ni ya nini, hapa tunafanya hivi, pale ni mwiko. Na ofisini tulikuwa na mwiko wetu wenyewe. Aliyeungua aliongeza mstari ili wenzake wasiungue, na hakuna aliyefuta mstari wa mwingine. Tuliona ndiyo heshima. Hujui mwenzio alilia nini siku aliyouandika. Faili likawa kama kabati la bibi, kila kitu kinaingia, hakuna kinachotoka.

Niliufahamu mstari wenyewe kabla sijaufikia. Ulikuwa wa Babu, kiongozi wetu wa zamani, kijana wa watu tuliyemzeesha kwa jina kwa sababu ya kunung'unika. "Dawa ya degedege: miligramu kumi kwa kila mililita. Ukikuta namba nyingine ni kosa, irekebishe kila mahali." Aliuandika baada ya mtu kuteleza kidole, na wakati ule ulikuwa kweli tupu. Baadaye hospitali ikahamia chupa kali zaidi, za ishirini. Tukabadilisha programu, tukapongezana. Babu alikuwa ameshahama kazi. Neno lake nani angelifuta?

Chupa ya ishirini, programu inadhani ni ya kumi. Muuguzi anaambiwa avute mara mbili. Ingekuwa mara elfu, yeyote angeshtuka. Mara mbili inafanana na dawa.

Nikausoma tena ujumbe wa dada. Kalala fofofo.

"Rudisha toleo la jana," nikamwambia Kasuku. "Sasa hivi!"

Simu ya dada iliita mpaka ikachoka. Nikapiga ya wadi. Vidole vilikosea namba, vikakosea tena.

"Wadi ya wachanga."

"Sista, mimi ni wa programu ya dozi. Simamisheni dawa ya degedege, hesabuni kwa mkono. Tangu asubuhi inawapa mara mbili."

"Mchana huu nimempa mmoja tu."

"Wa kisanduku cha dirishani?"

"Umejuaje?"

"Ni mwanangu," nikasema, na sikuona haja ya kufafanua.

Hakukata. Simu iliangukia mezani, nikasikia viatu vikikimbia. "Daktari! Pumzi zake, angalia pumzi zake!" Halafu sauti ya dada, nyembamba: "Kuna nini? Sista, si amelala tu?" Mashine ikaanza kupiga kelele. Kuna mtu aliyekuwa akisema polepole, "Vuta, baba. Vuta tena. Hivyo hivyo."

Kasuku alikuwa amesimama kando yangu. "Nimerudisha," alinong'ona. Nilikuwa navuta pumzi kwa niaba ya mtu mwingine.

Kisha kikaja kilio, kikavu, kama bawaba isiyotiwa mafuta.

Muuguzi akarudi kwenye simu akihema. "Yupo. Ila sikufichi, dawa hii haitoki mwilini haraka. Anasahau kupumua, tunamkumbusha. Tutakaa naye hivyo hivyo."

Dada akapiga. Nilifungua mdomo nimweleze, akanikatiza: "Utanieleza baadaye, mdogo wangu. Sasa usikate tu." Akailaza simu kando ya kisanduku, nami nikafungua spika, nikaiweka yangu mezani.

Nikafungua faili, nikaufuta mstari wa Babu. Nilitazama nyuma kama mwizi. Chini yake palikuwa na mstari wa dawa ya maambukizi.

"Huu nani aliandika?"

Kasuku akautazama. "Sijui."

"Bado ni kweli?"

"Sijui, bibie."

Na wa chini yake, na wa chini ya huo. Yote ilikuwa na sauti ileile ya uhakika, iliyo hai na iliyokufa, na msaidizi alikuwa ameitii yote.

"Mpigie mfamasia wao," nikasema. "Achukue chupa moja moja, akusomee kilichoandikwa, nawe urudie neno kwa neno. Leo ndiyo siku yako, Kasuku."

Hakucheka. Akapiga, akaanza kurudia, nami nikaanza kulinganisha. Katikati yetu, simu ililia kilio cha mtoto. Kila kilipokatika tuliinua vichwa, tukasubiri.