Jicho la Mnunuzi wa Mbuzi

Shiro alikuwa ametibiwa malaria mara tatu ndani ya wiki tano, na hakuwa na malaria. Homa ilishuka asubuhi ikapanda jioni, na kila siku mtoto alizidi kupauka. Alikuwa na miaka tisa. Mwaka ulikuwa 1998.

Baba yake, Wahome, alikuwa akinunua mbuzi soko la Kajiado na kuwauzia wenye bucha wa Kitengela. Shule aliiachia darasa la tano. Lakini hakuna aliyemuuzia mbuzi mgonjwa tangu mzee Kisemei wa kule Isinya amfundishe kazi: usisikilize maneno ya mwenye mbuzi, funua kope, inua mdomo, papasa chini ya taya.

Jumamosi moja Shiro alipiga mswaki, akatema damu. Mama yake, Waruguru, akasema ni vumbi la kiangazi. Wahome alimketisha mtoto mlangoni penye mwanga, akamfunua kope.

"Baba Shiro, huyo si mbuzi."

"Angekuwa mbuzi, singemnunua."

Ndani ya kope hakukuwa na wekundu hata kidogo. Chini ya taya tezi zilikuwa zimevimba. Miguu ilijaa vidoa vyekundu, vidogo kama ncha ya sindano. Wahome alivibonyeza kwa kidole gumba, havikufifia. Mgongoni palikuwa na alama za kuvilia damu, na mtoto hakuwa ameanguka wala kupigwa.

Kule kliniki, daktari Nalianya alikuwa ameshaanza kuandika dawa za malaria.

"Damu ipimwe yote," Wahome akasema. "Si tone la malaria tu."

"Mzee, daktari hapa ni nani?"

"Ni wewe. Lakini mimi niko na macho. Mbuzi wa hivi sipeleki bucha, na mtoto wa hivi sirudishi nyumbani."

Waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Nalianya hakucheka. Aliinama, akabonyeza vile vidoa mwenyewe, mara mbili. Kisha akairarua ile karatasi, akaandika nyingine ya kwenda Nairobi, siku hiyo hiyo.

Huko hospitalini walimdunga sindano kwenye mfupa wa nyonga, wakatoa uboho wa kupima. Ilikuwa saratani ya damu, ile inayokwenda mbio.

"Mngechelewa wiki mbili, tungekuwa tunaongea mengine," daktari wa wodi akasema. "Nani aliitambua?"

"Bwana yangu," Waruguru akajibu, na wodi nzima ikasikia. "Ni mnunuzi wa mbuzi."

Matibabu yalichukua miaka miwili na nusu. Yalimaliza ng'ombe wote saba na ploti ya kando ya barabara, ambayo sasa ina ghorofa ya mtu mwingine. Zilitumika painti ishirini na mbili za damu. Mbili zilitoka kwa watoto wa Kisemei, moja kwa Nalianya. Shiro alipoteza madarasa mawili na nywele zote. Nywele zilirudi.